Unga wa Kutosha ni Kiasi Gani?

Mwaka uliopita Sista mmoja mzee, aliyekuwa anajitayarisha kurudi kwao Kanada, alimpa mke wangu kitabu kipya cha mapishi ya furu. Ni kitabu kizuri. Karatasi zake zinang'aa, na karibu kila ukurasa una picha ya mkate au ya gato. Kimeandikwa kwa Kifaransa. Mke wangu husoma Kifaransa polepole. Kwa hiyo tulipatana kwamba kazi yangu itakuwa kusoma, na kazi yake kupika. Ndivyo nilivyopata ukubwa wa jikoni bila kushika mwiko.

Nitawaeleza kwanza yaliyotupata nyumbani, kisha nitawaeleza historia ya vitabu vya namna hii. Maana bila historia ile nisingalifahamu kosa langu.

Gato tatu zilizoharibika

Nyumbani kwetu hatuna furu. Tunafanya kama akina mama wengi: sufuria kubwa juu ya mbabula, mchanga kidogo ndani yake, mawe matatu juu ya mchanga, na juu ya mawe sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa. Kisha tunafunika, na makala mengine yanawekwa juu ya kifuniko, ili moto utoke chini na juu pia. Kazi hii yataka uangalifu, lakini mke wangu ameizoea.

Tulichagua gato iliyo rahisi kupita zote. Kitabu kilisema: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha maziwa, nusu kikombe cha sukari, siagi kidogo, mayai mawili, na vijiko vidogo viwili vya unga wa kuumua. Mimi nilisoma kwa sauti, kama ninavyosoma mbele ya wakatekumeni. Yeye akapima, akakoroga, akapika.

Gato ile ilitoka fupi, nzito, ngumu kama tofali. Watoto waliila kwa sababu ni watoto. Dominika iliyofuata tulijaribu tena. Safari hii pembeni iliungua, na katikati ilikuwa bado unga mbichi. Mara ya tatu ilitoka kama ya kwanza.

Mara ile ya tatu mke wangu alilia. Hakulilia gato. Alikuwa amefanya hesabu yake: kama gato ingetoka vizuri, angeikata vipande na kuviuza karibu na shule, na faida ingesaidia kulipa minervali ya mtoto wetu mkubwa. Unga, mayai na siagi alivinunua kwa fedha yake ndogo ya biashara. Sasa fedha ile ilikuwa imeliwa na mbabula mara tatu.

Nami nilipaswa kunyamaza, lakini nikasema neno baya. Nilisema, “Kitabu hakikosi. Ni mikono yako.”

Alifunga kitabu, akakiweka juu ya kabati. Majuma mawili kila nilipomwambia neno alijibu, “Ndiyo, Baba,” wala hakuongeza kitu.

Siku moja jirani yetu, mama mmoja anayekaanga mikate kila asubuhi na kuiuza barabarani, alikuja kuomba kibiriti. Aliona kitabu, akakishusha, akatazama picha. Mama huyu hakusoma shule. Mke wangu akamweleza mambo ya vikombe na vijiko. Mama yule akauliza neno moja tu: “Kikombe gani?”

Mimi nilicheka. Kisha sikucheka tena.

Tulitafuta chupa ya maji ya nusu lita, tukapima kikombe chetu cha plastiki, kile kikubwa cha chai. Kilichukua karibu miligramu mia nne, nikasema, mtoto akanisahihisha: “Baba, maji hupimwa kwa mililita.” Basi, karibu mililita 400. Nikarudia kitabu. Katika kurasa za mwanzo, ambazo mimi msomaji mkubwa nilikuwa nimeziruka, kuna maandishi madogo yasemayo kwamba kikombe cha kitabu kile ni mililita 250, yaani nusu kamili ya chupa yetu.

Fikirini sasa. Unga na maziwa tuliviongeza zaidi ya nusu, lakini mayai yalibaki mawili, na unga wa kuumua ulibaki vijiko viwili. Ungeumukaje? Mikono ya mke wangu haikukosa hata mara moja. Ilifuata barabara maneno niliyoyasoma mimi, na maneno hayakutosha.

Swali la mama yule lilinipeleka kutafuta habari. Nikaona kwamba watu waliandika mapishi miaka mingi sana kabla ya mtu kuona haja ya kujibu swali lile.

Zamani vitabu havikupima

Kitabu kikubwa cha mapishi kilichotufikia kutoka Roma ya kale huitwa kwa jina la Apicius. Kilikusanywa karibu na karne ya nne au ya tano, nacho kina mapishi zaidi ya 400. Lakini katika sehemu kubwa ya mapishi hayo huoni kiasi. Kinasema tia hiki, ponda kile, ongeza kingine, pika. Unga kiasi gani? Hakisemi.

Je, waandishi wale walikuwa wavivu? Sivyo. Waliwaandikia watu waliokwisha kujua kazi. Mpishi alijifunza kwa macho na kwa mikono, akisimama karibu na mkubwa wake tangu ujana. Maandishi yalimkumbusha tu, kama fundo katika kitambaa linavyomkumbusha mtu deni lake. Asiyejua deni hatalijua kwa kulitazama fundo.

Na ujuzi wa mikono ulikuwa mkubwa kweli. Plinio Mzee, Mroma aliyekufa mwaka 79 wakati mlima Vesuvio ulipolipuka, aliandika jinsi watu wa zamani zake walivyoumusha mkate. Wengine walichanganya mtama mdogo na maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha, wakatunza chachu ile mwaka mzima. Naye asema kwamba watu wa Galia na wa Hispania walitumia povu la pombe yao ya nafaka, na kwa hiyo mkate wao ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine. Msomaji aliyeona pombe ya ndizi ikitoa povu katika mtungi atafahamu mara moja. Lakini povu kiasi gani kwa unga kiasi gani? Hilo lilikaa katika mikono ya waliooka, nalo likazikwa pamoja nao.

Karibu mwaka 1393, mzee mmoja wa Paris, asiyejulikana jina, alimwandikia mke wake kitabu cha kazi za nyumbani. Mke alikuwa na miaka 15 tu, na mzee alijua kwamba atakufa mbele yake. Katika kitabu kile kuna mapishi mengi. Kwa mkate mmoja wa majani unaookwa katika unga, amwambia atwae konzi nne za mboga hii, konzi mbili za ile, na konzi moja ya nyingine. Konzi, yaani mkono uliojaa. Huo ni mwanzo wa kipimo. Lakini ni mkono wa nani? Wa mzee, au wa msichana wa miaka 15?

Na muda je? Saa zilikuwa chache katika nyumba za watu. Basi katika vitabu vya zamani zile twaona wapishi wa Ulaya wakipima muda kwa sala: chemsha kwa muda wa kusali Baba Yetu moja, au mbili, au zaburi ya Miserere. Tusiwacheke. Sala ambayo kila mtu aliijua kwa moyo ilikuwa saa ambayo kila nyumba inayo. Shida ilikuwa moja: mtu mwenye njaa husali upesi.

Hata uchapaji haukuondoa shida. Kitabu cha mapishi kilichochapwa kwanza Ulaya kilitoka Roma karibu na mwaka 1474. Mwandishi wake, Platina, alikuwa baadaye msimamizi wa maktaba ya Vatikani. Mapishi yake mengi aliyapokea kwa mpishi mkubwa wa siku zile, Maestro Martino. Sasa kitabu kimoja kiliweza kufika katika nyumba mia ambazo mwandishi hatazijua kamwe. Hapo ndipo swali la “kikombe gani?” lilianza kuwa zito. Mkubwa hasimami tena karibu nawe. Limebaki karatasi peke yake.

Yatima wa Marekani

Habari iliyonigusa kupita nyingine zote ni ya Amelia Simmons. Mwaka 1796, mjini Hartford katika Marekani, alitoa kitabu kidogo chenye kurasa 47 kiitwacho American Cookery. Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha mapishi kilichoandikwa na Mmarekani na kuchapwa kwao. Juu ya kitabu alijitambulisha kuwa yatima wa Marekani. Mengine ya maisha yake ni machache sana kujulikana.

Katika mapishi yake ya mikate mitamu alitumia kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikuwa vimekiandika: chumvi nyeupe iliyosafishwa kutoka majivu ya kuni. Chumvi ile ikikutana na kitu kichungu kama maziwa yaliyoganda, hutoa hewa, na hewa ile huinua unga kwa dakika chache. Hakuna haja ya kungoja chachu usiku kucha. Akina mama wa kwetu hawatashangaa. Tangu zamani wamechuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi au ya maharage ili kulainisha mboga ngumu. Chumvi iliyo katika maji hayo ni ndugu ya ile ya Amelia.

Lakini kitabu kilipotoka, Amelia aliona makosa. Hakuwa na elimu ya kutosha kutayarisha maandishi kwa uchapaji, akamtumia mtu mwingine. Mtu huyo aliacha vitu vya lazima katika mapishi, akatia vingine mahali pake, na mapishi yakaharibika. Amelia hakunyamaza. Alitoa tangazo lililochapwa, akaeleza kwamba kosa si lake, akasahihisha viasi.

Niliposoma habari hiyo niliweka karatasi chini. Kumbe, tangu 1796 alikuwako mtu anayejua kusoma aliyeharibu kazi ya mwanamke anayejua kupika. Nami nilikuwa wa ukoo wake.

Waliojibu swali

Katika karne ya 19 mambo yalianza kubadilika. Katika Ulaya na Marekani wasichana wengi waliacha nyumba za mama zao, wakaenda mijini au nchi za mbali. Waliolewa mahali ambapo hakuna shangazi wala nyanya wa kuwaonyesha. Walihitaji kitabu kinachosema yote.

Mwingereza mmoja, Eliza Acton, alitumia miaka mingi kujaribu mapishi, kisha mwaka 1845 akatoa kitabu chake kiitwacho Modern Cookery. Yeye alifanya jambo ambalo leo twaliona la kawaida. Mwisho wa pishi aliandika kwa ufupi vitu vyote, kiasi cha kila kimoja, na muda wa moto. Tena mara nyingi aliongeza onyo kuhusu jambo linaloweza kuharibika. Mwaka 1857 alitoa kitabu kingine cha mkate peke yake. Mwaka 1861 Isabella Beeton alitoa kitabu kikubwa zaidi, akaweka vitu na viasi mwanzoni mwa pishi ili mpishi avikusanye kabla ya kuwasha moto. Mengi katika kitabu hicho aliyatwaa kwa Eliza Acton bila kumtaja. Isabella akajulikana sana; Eliza alikuwa amekufa mwaka 1859, akasahauliwa kwa miaka mingi. Yaonekana kuandika kiasi cha unga ni rahisi kuliko kuandika jina la aliyekupa.

Lakini aliyejibu swali la “kikombe gani?” kwa nguvu zote ni Fannie Farmer wa Boston. Alizaliwa mwaka 1857. Alipokuwa na miaka 16 alipatwa na ugonjwa wa kupooza, akaacha masomo, na kwa miaka mingi alikaa nyumbani kwa wazazi. Baadaye aliingia shule ya mapishi ya Boston, akamaliza mwaka 1889, akawa mkuu wa shule ile ile. Mwaka 1896 alipeleka kitabu chake kwa wachapaji. Wao waliogopa hasara, wakakubali kuchapa nakala 3,000 tu, tena kwa gharama yake mwenyewe. Kitabu hicho kiliuzwa baadaye kwa mamilioni.

Fundisho lake lilikuwa dogo. Kikombe kiwe cha kipimo kimoja kinachojulikana. Kijiko kiwe hivyo hivyo. Na unga ukiisha kujaa, pitisha kisu juu ya ukingo ili usawazike, usiache kilima. Watu wengine waliona ni ugumu wa mwalimu wa shule. Lakini jaribu mwenyewe. Kikombe cha mililita 250 kilichotiwa unga wa ngano polepole kina gramu 125 hivi. Ukichota kwa nguvu na kushindilia, waweza kufika gramu 150 au kupita. Katika vikombe viwili tofauti ni gramu 50, na gramu 50 zatosha kuifanya gato laini kuwa kavu.

Sisi wa Kongo twapima kwa kilo na gramu. Vipimo hivyo vilitungwa Ufaransa kwa sheria ya mwaka 1795. Kabla ya hapo ratili ya mji huu haikuwa ratili ya mji ule, na mwenye kununua alipunjwa barabarani. Wabelgiji walivipokea, nao wakavileta kwetu. Vitabu vya Ulaya husema gramu. Vitabu vya Marekani na Kanada husema kikombe. Mwenye kitabu ajue kwanza ni cha wapi.

Unga mdogo wa mfamasia

Kitu kimoja kilibaki kigumu: kuumusha unga. Chachu ni kitu chenye uhai. Siku ya baridi hulala, siku ya joto hukimbia. Maji ya majivu nayo hayana nguvu moja kila siku.

Mwaka 1843 Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham katika Uingereza, alitengeneza unga wa kuumua. Mke wake alikuwa na tumbo lisilopatana na chachu, naye alitaka ale mkate kama wengine. Alichanganya soda na kitu kichungu kikavu. Vikiwa vikavu hukaa kwa amani pamoja. Vikipata maji huchemka na kutoa hewa. Mwaka 1891 mfamasia wa Ujerumani, August Oetker, alinunua duka la dawa mjini Bielefeld, akaanza kuuza unga kama huo katika pakiti ndogo, kila pakiti ikitosha nusu kilo ya unga wa ngano. Hakuuza unga peke yake. Aliuza na kipimo. Mama alinunua pakiti moja, akafungua nusu kilo, hakuhitaji kukisia. Tena mapishi yalichapwa juu ya pakiti yenyewe. Pakiti ndogo tunazonunua leo sokoni ni wajukuu wa zile.

Na kwetu?

Huku kwetu furu na ngano viliingia pamoja na Wazungu. Ngano hupenda vilima vya baridi, nayo imelimwa katika milima ya Kivu, hasa pande za Lubero. Misioni ziliihitaji kwa mkate wa mezani na kwa hostia pia. Lakini sehemu kubwa ya unga wa ngano unaoliwa Kongo hutoka ng'ambo. Ndiyo maana vita ya Ukraine ilipoanza mwaka 2022 bei iliumiza hata mama anayekaanga mikate barabarani.

Mwaka 1927, katika Ubelgiji, chama cha Kikatoliki cha wanawake wa mashambani kilitoa kitabu kiitwacho Ons Kookboek, maana yake Kitabu Chetu cha Mapishi. Kimechapwa tena na tena, na katika nchi ya Flandre kilikuwa karibu katika kila nyumba. Masista wengi waliokuja kwetu walitoka katika vijiji vile vile. Katika miaka ya 1940 na 1950 palifunguliwa nyumba za mafundisho ya wanawake zilizoitwa foyer social. Ya Usumbura, mji uitwao leo Bujumbura, ilifanya kazi tangu 1946 hata 1960. Pale akina mama walifundishwa kushona, kupiga pasi, kutunza watoto na kupika. Wengi walipata ujuzi uliowafaa maisha yote.

Lakini njia ilikuwa ya upande mmoja. Mwalimu alileta kipimo, mwanafunzi akakipokea. Ni mara chache mwalimu alimwuliza mwanafunzi: “Nawe mama, nyumbani kwenu mnapikaje? Kiasi gani?” Kwa hiyo gato ya Ulaya imeandikwa kwa gramu, na vyakula vingi vya nyanya zetu havina hata mstari mmoja.

Kipimo cha nyanya

Sasa nimalize habari ya nyumbani. Nilimwomba mke wangu msamaha mbele ya watoto, kwa sababu neno baya nililisema mbele yao. Tulitwaa kopo tupu la maziwa, tukatia humo maji ya nusu chupa, nikapiga alama kwa msumari mahali maji yalipofika. Mke wangu akalikata mwenyewe kwenye alama ile. Hicho ndicho kikombe chetu. Gato ya nne ilipanda mpaka ikagusa kifuniko. Aliyekula kipande cha kwanza ni mama jirani. Siku hizi mke wangu huuza vipande Jumatano na Jumamosi. Minervali haijaisha kulipwa, lakini imeanza.

Baada ya hayo tulikwenda kijijini kumwamkia nyanya yangu, mama wa baba. Ana miaka zaidi ya 80. Kwake hakuna mkate wa ngano. Kuna mkate wake wa ndizi mbivu na unga wa mahindi, uliofungwa katika majani ya mgomba na kuokwa polepole. Tangu utoto sijaonja wa kushinda huo. Shangazi zangu wawili waliojua kuutengeneza wamekufa. Wajukuu hawajui.

Nilimwuliza, “Nyanya, unatia unga kiasi gani?”

Akanijibu, “Wa kutosha, mjukuu wangu.”

Zamani ningaliandika “unga wa kutosha” nikafunga daftari. Safari hii mke wangu alitoa kopo letu katika kitambaa. Akamwambia, “Mama, wewe tia kama unavyotia siku zote. Sisi tutashika kopo katikati.” Nyanya alicheka sana, lakini akakubali. Kila konzi ya unga ilipita kwanza katika kopo, kisha ikaenda kwenye ndizi. Konzi zake nne zilijaza kopo moja. Mke wangu alijaribu kwa mkono wake: tatu zilitosha. Ndizi tulizihesabu, tukazipima kwa kopo baada ya kuzimenya na kuziponda. Muda tuliusoma katika saa ya simu, maana nyanya alisema tu, “Mpaka harufu ikuite.” Maneno hayo nayo tuliyaandika, kando ya dakika, kwa sababu saa haina pua.

Jioni nilimsomea nyanya maandishi yote, tangu mwanzo hata mwisho. Alinisahihisha mara mbili. Mahali pamoja nilikuwa nimeandika kwamba majani yakaushwe. Yeye alisema yapitishwe juu ya moto tu, yalainike. Kama nisingalimsomea, kosa lile lingalibaki katika daftari, na mjukuu wa mjukuu wangu angalipasua majani yake na kulaumu mikono yake.

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mna nyanya, mama au shangazi anayejua kitu kama hicho: mkate, kinywaji, mboga ya majivu. Msingoje mpaka siku ya matanga ndipo mwulizane alikuwa anatia nini. Chukueni kopo na daftari. Mwacheni afanye kazi yake, ninyi pimeni. Mkimaliza, msomeeni mlichoandika, hata kama yeye hajui kusoma. Yeye ndiye ajuaye kama ni kweli. Na juu ya ukurasa andikeni jina lake. Sisi tumeandika la nyanya yetu kwa herufi kubwa, na kitabu cha Sista na daftari lile hukaa sasa pamoja juu ya kabati moja.